Kukokotoa nishati iliyohifadhiwa katika kapasita zilizounganishwa sambamba

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, mwanafunzi ajiulize jambo moja: je, betri ingali imeunganishwa na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), au imekwisha kuondolewa? Betri ikiwapo, volteji haibadiliki. Ikiondolewa, kinachobaki vilevile ni jumla ya chaji. Makosa mengi ninayoyaona katika hesabu hizi hayatokani na kujumlisha vibaya, bali na kuliruka swali hilo.

Tuchukue kapasita tatu, za mikrofaradi 4, 6 na 10, zilizounganishwa sambamba kwenye betri ya volti 12.

Hatua ya 1. Jumlisha kapasitansi (C), yaani uwezo wa kila kapasita kuhifadhi chaji. Kwa kuwa ncha za kila kapasita zimefungwa kwenye nukta zilezile mbili za sakiti, volteji ya zote ni moja na chaji zao hujumlishwa, hivyo C = 4 + 6 + 10 = 20 µF. (Waliozoea rezista huteleza hapa, kwa maana kanuni za rezista ni kinyume cha hizi.)

Hatua ya 2. Badili kuwa faradi: 20 × 10⁻⁶ F.

Hatua ya 3. Tumia E = ½CV² (E ni nishati, V ni volteji), ukikumbuka kwamba kipeo cha pili ni cha volteji peke yake: E = ½ × 20 × 10⁻⁶ × 144 = 1.44 × 10⁻³ J, yaani milijouli 1.44.

Hatua ya 4. Hakiki kwa kukokotoa kila kapasita kivyake: 0.288 + 0.432 + 0.72 = 1.44. Kapasita kubwa ndiyo iliyobeba nishati nyingi zaidi. Kama zingeunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, ndogo ndiyo ingeongoza.

Maswali ya wanachama

Swali: Chaji yote ni mikrokulombi 240. Kwa nini nishati isiwe QV (chaji mara volteji), yaani milijouli 2.88?

Jibu: Hizo ndizo zilizotolewa na betri. Volteji ya kapasita, hata hivyo, ilianzia sifuri ikapanda kadiri chaji ilivyoongezeka, kwa hiyo wastani wake ulikuwa volti 6 tu. Nusu iliyosalia iligeuka joto katika nyaya na ndani ya betri, na la kushangaza ni kwamba nyaya nene haziiokoi: upinzani ukipungua, kapasita hujaa haraka zaidi, lakini hasara ni ileile.

Swali: Nikiichaji ile ya mikrofaradi 10 hadi volti 12, nikaitenga na betri, kisha nikaiunganisha sambamba na nyingine ya mikrofaradi 10 isiyo na chaji, nitumie volti 12?

Jibu: Hapana. Mikrokulombi 120 sasa zimegawanyika katika mikrofaradi 20, hivyo volteji imeshuka hadi 6 na nishati imetoka milijouli 0.72 hadi 0.36. Iliyopungua imepotea hasa kama joto, pamoja na cheche wakati wa kuunganisha.

Swali: Kapasita moja imeandikwa volti 16 na nyingine volti 25. Zikiunganishwa sambamba, kikomo cha volteji ni kipi?

Jibu: Volti 16, kwa sababu zote mbili zinapokea volteji ileile.