Namna ya Kuchagua Priampu ya Santuri kwa Bei Nafuu

Wengi wenye santuri hapa Mbeya na Iringa huunganisha gramafoni moja kwa moja kwenye tundu la AUX la sabufa, kisha hulalamika kwamba sauti ni ndogo, imekonda na haina besi. Mara nyingi kasoro haiko kwenye santuri wala kwenye spika, bali inakosekana priampu, yaani kile kikasha kidogo kinachokaa kati ya gramafoni na amplifaya. Kikasha hicho hukuza umeme hafifu unaotoka kwenye kichwa cha sindano, na pia hurudisha uwiano wa sauti, kwa kuwa wakati wa kukata santuri besi hupunguzwa ili mifereji isiwe mipana mno, na sauti nyembamba huongezwa ili mchakacho uweze kufunikwa. Kanuni inayofuatwa ni ile ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, iliyoenea kuanzia mwaka 1954.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwanza kwamba unaihitaji. Gramafoni nyingi za sasa, kama Audio-Technica AT-LP60X, zina priampu ndani, na nyuma yake utaona swichi yenye maandishi PHONO na LINE. Ukitumia AUX, iweke kwenye LINE, ili priampu hiyo ya ndani ifanye kazi. Amplifaya nyingi za zamani nazo zina tundu la PHONO, yaani priampu iko ndani yake. Priampu mbili zikifuatana, sauti itapasuka. Na kama sindano imechakaa, nunua sindano kwanza, kwa sababu hakuna priampu iwezayo kuponya sindano butu, ambayo isitoshe inaila santuri yenyewe.

Hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko bei, ni kusoma vipimo vya kichwa cha sindano. Vichwa vya bei nafuu kwa kawaida ni vya aina ya MM (ndani yake hutikisika sumaku), hutoa takriban milivolti 3 hadi 6, na vinatosheka na ukuzaji wa desibeli 40 hivi, ambao ni sawa na mara 100. Vichwa vya MC (ndani yake hutikisika koili) vyenye umeme mdogo hutoa chini ya milivolti 1 na huhitaji desibeli 60 hivi. Mwenye kichwa cha MM hana sababu ya kulipia swichi ya MC.

Priampu ya MM iwe na ukinzani wa kilo-ohmu 47, kisha uangalie kapasitansi yake, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi. Kichwa cha Audio-Technica AT-VM95E hutaka pikofaradi 100 hadi 200, na Ortofon 2M Red hutaka 150 hadi 300, ukijumlisha na ile ya waya. Ikizidi, utaisikia katika herufi “s” za mwimbaji, ambazo huwa kali na za kuchoma masikio. Ndiyo maana napendelea priampu kama ART DJ Pre II, ambayo ina swichi ya kuchagua 100 au 200, pamoja na kichujio cha besi ya chini kabisa. Kichujio hicho si pambo: santuri iliyopinda ikizunguka, utaona koni ya sabufa ikienda mbele na nyuma taratibu bila sauti yoyote kusikika, na nguvu ya amplifaya inapotea bure huko.

Adapta nayo ikaguliwe. Priampu iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuja na adapta ya volti 120, ambayo itaungua kwenye umeme wetu wa volti 230. Unapotafuta nyingine, linganisha volti, ampea, na kama inatoa AC au DC, maana baadhi ya priampu hutaka AC. Na kwa mvua zetu za radi za Nyanda za Juu Kusini, chomoa adapta kila unapomaliza kusikiliza.

Ukiwa dukani Mwanjelwa au kwa fundi redio, omba ijaribiwe na gramafoni yako. Funga waya wa ethi (waya mwembamba wa kuzuia mvumo unaotoka kwenye gramafoni) kwenye skrubu ya priampu, acha sindano ikiwa juu, kisha ongeza sauti kuzidi kiwango unachosikilizia nyumbani. Mchakacho mdogo wa “shhh” ni wa kawaida. Mvumo mzito ukisikika, kaza ethi na usogeze priampu mbali na transfoma ya amplifaya. Usipopungua hata hapo, jaribu priampu nyingine kabla ya kulipa.