Kikombe Kimeandikwa "Kinaoza": Usikitupe Kwanza Kwenye Lundo la Mboji

Mkulima mmoja wa mchicha aliwahi kuniita bustanini kwake nikaone mboji ya miezi mitano. Ilikuwa nyeusi, inanukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Lakini kila alipochota koleo, kilitoka kikombe cha juisi, kizima, na maandishi yake yanasomeka: kinaoza. Alikuwa akizoa mabaki ya chakula hotelini, na mwenye hoteli alimwambia atupe vyote pamoja.

Mwenye hoteli hakudanganya, ila alisema nusu. Vikombe vya namna ile kwa kawaida ni vya PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Huoza inapopata unyevu na joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa mfululizo. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 hutaka kifungashio kiwe kimesambaratika ndani ya wiki 12, lakini hayo ni mazingira ya mitambo mikubwa ya mboji. Lundo letu la uani likijengwa vizuri hufika nyuzi 55 hadi 65 siku za mwanzo, halafu linapoa. Likishapoa, kikombe kinakaa humo kama kigae. Ukikifukia kwenye udongo mkavu, utakigonga kwa jembe msimu hadi msimu.

Kuna plastiki nyingine mbaya zaidi: ya kawaida, iliyochanganywa na kemikali ya kuifanya ikatike juani. Hukatika kweli, ila vipande vinabaki plastiki. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Na ile mifuko mbadala iliyojaa sokoni tangu Tanzania ikataze mifuko ya plastiki Juni 1, 2019? Mingi ni polipropilini, nayo ni plastiki. Inafanana na kitambaa, basi.

Majani ya mgomba, sahani za makapi ya miwa zisizo na utando wa plastiki na karatasi tupu, ingiza bila wasiwasi, ila vichanechane kwanza. Kikombe cha karatasi kiloweke usiku kucha, asubuhi kichambue kwa kucha. Ukibandua utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, hicho kiweke kando.

Kwa kifungashio usichokijua, lundo lenyewe litakujibu. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, vitie kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, funga kamba ndefu na uuzike katikati ya lundo. Kila unapogeuza, vuta uangalie. Vikifika miezi mitatu bila kulegea wala kuchanika, umeshapata jibu, hata lebo iseme nini.

Jaribio hilo halina maana kama lundo ni baridi. Lisipungue mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Panga mabua makavu, juu yake majani mabichi (alizeti pori ni nzuri sana), kisha samadi, ukirudia tabaka hadi juu. Nyunyiza maji mpaka konzi ya mboji ukiikamua itoe tone moja au mawili. Chomeka mti mrefu katikati. Ukiuchomoa baada ya siku tatu na mkono ukashindwa kuushika, kazi imeanza. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu.

Vilivyokataliwa usivichome, na usiviache uani: mbuzi hufuata harufu ya mchuzi, na plastiki ikijaa tumboni mwake utamzika. Usivichanganye pia na chupa za maji zinazouzwa kwa kilo, maana PLA huharibu mzigo wa urejelezaji. Mrudishie mwenye hoteli. Mpelekee ndoo mbili, moja ya mabaki ya chakula na moja ya vifungashio. Yule wa mchicha alifanya hivyo, na mboji ya zamani akaipitisha kwenye chekeche la mchanga. Ilimchukua siku nzima, yeye na wanawe wawili.