Kuipa kamba uzito ndani ya uhalisia pepe

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe ukashika kitu kwa rimoti, jiwe na unyoya vinanyanyuka sawasawa. Hapo ndipo nilipokwama nilipoanza kutengeneza gemu la wavuvi wa dagaa wa hapa Mwanza: wavu uliojaa maji ulikuwa mwepesi kama kanga. Nilivyoutia uzito ni hivi.

Hatua ya kwanza, achana na kompyuta. Jaza ndoo ya lita 20 maji, ifunge kamba, iburute sakafuni huku simu inakurekodi. Itazame video hiyo mara nyingi.

Hatua ya pili, fungua Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu. Usiihangaishe na fizikia ya kamba nzima. Tunza namba moja tu: mita ngapi za kamba ya wavu zimeshaingia mtumbwini. Kamba inayoonekana iifuate namba hiyo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Mkono wa kweli ukirudi nyuma sentimita 10, mkono unaoonekana urudi 6 tu, na kamba nayo isogee 6. Macho yanaushinda mkono, na ile tofauti mtu anaihisi kama uzito. Ujanja huu Mfaransa Anatole Lécuyer na wenzake waliueleza mwaka 2000. Wavu ukikaribia kutoka majini, shusha hadi 4. Lakini kadiri unavyovuta, mkono wa kweli na ule unaoonekana inazidi kuachana. Kwa bahati njema kamba huvutwa kwa kupokezana: mkono ulioachia urudishe polepole mahali pake halisi wakati macho yako kwenye mkono unaovuta.

Mtetemo wa rimoti uwe mdogo, kila kamba inaposogea sentimita 2.

Kisha wape wenye kazi yao. Mzee mmoja pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba alivuta kidogo, akavua miwani, akaniambia: "Mwanangu, kamba haivutwi kwa mikono. Inavutwa kwa mgongo."

Nikairudia video ya ndoo. Ni kweli kabisa. Miwani inajua kichwa kilipo, kwa hiyo nikaongeza sharti: kichwa kikirudi nyuma zaidi ya sentimita 5 pamoja na mkono, 6 inapanda kuwa 8. Anayeegemea nyuma anavuta haraka, anayetegemea mikono anachoka. Ondoa viti, acha mita 2 wazi nyuma ya mchezaji.

Nilipomrudia mzee, alivuta mpaka mwisho kimya, kisha akauliza taa ya kuwavuta dagaa iko wapi. Ndiyo ninayoitengeneza sasa.