SOMO: Trikoderma kwenye nyanya, dhidi ya kinyausi (miche kuoza shinani na kuanguka kitaluni) na mnyauko fusari (unaoletwa na kuvu aitwaye fusari)

Wengi hununua trikoderma siku nyanya zinapoanza kulala. Hapo umechelewa. Kuvu huyu rafiki huwahi kukalia mizizi, hujizungushia nyuzi za kuvu waharibifu na kuziyeyusha kwa vimeng'enya vyake. Mche ambao fusari imeshaziba mishipa yake ya maji hauponi, ung'oe.

Jua kwanza ugonjwa wako. Kata kipande cha shina lililonyauka, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi wa uteute mweupe ukishuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na usitegemee somo hili kuumaliza. Fusari huanza na majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja, na ukipasua shina unakuta mistari ya kahawia ndani.

1. Changanya kilo 1 ya unga wa trikoderma na kilo 100 za samadi iliyoiva. Samadi mbichi hupata moto na kumuua. Nyunyizia maji mpaka ukiifumbata ishikane bila kuchuruzika. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha, klorini itoke.

2. Funika kwa magunia kivulini wiki 1 hadi 2, ukigeuza kila baada ya siku chache. Utaona utando mweupe unaogeuka kijani. Usiitupe ukidhani imeharibika! Ndicho tunachokitaka.

3. Weka kwenye kitalu kabla ya kusia mbegu, kisha konzi moja kila shimo wakati wa kupandikiza, jioni.

MASWALI

– Mwalimu, naweza kuchanganya na dawa ya ukungu kwenye bomba moja?

Hapana. Kabendazimu, kwa mfano, inamuua kabisa.

– Shamba langu lilinyauka lote msimu uliopita. Nikiweka hii, nirudishe nyanya?

Usirudishe. Fusari huacha vijimbegu vyenye ganda nene vinavyokaa ardhini miaka mingi, na trikoderma peke yake havimalizi. Weka mahindi kwanza. Ukirudi kwenye nyanya, tafuta pakiti ya mbegu yenye alama ya F au Fol, yaani inahimili fusari.

– Yangu imekaa stoo ya bati tangu mwaka jana, bado inafaa?

Soma tarehe ya kuisha, ila joto la bati huwaua hata kabla ya tarehe. Jaribu kiasi kidogo kwenye samadi yenye unyevu. Wiki ikipita bila ukijani wowote, nunua nyingine.