Jinsi ya kumchunguza seneta wa vijijini Nebraska

Bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, lina baraza moja tu na wajumbe 49, wote wakiitwa maseneta. Usiwachanganye na wale wawili wanaoliwakilisha jimbo hilo Washington. Tafuta jina pamoja na namba ya eneo la uchaguzi.

Anza na riziki yake. Mshahara wa seneta ni dola 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wana kipato kingine: ranchi, shamba la mahindi, bima, uwakili au pensheni. Mfugaji atapiga kura juu ya kodi ya ardhi anayoilipa mwenyewe, na hilo si kosa mradi wapiga kura walijue. Wasifu ulioko kwenye tovuti ya Bunge hautoshi, kwa sababu mtu hutaja yanayompendeza. Tafuta pia tamko lake la maslahi ya kifedha kwenye tume ya jimbo inayosimamia uwajibikaji wa viongozi. Humo mna vyanzo vya mapato, biashara na ardhi. Kampuni iliyomo kwenye tamko na haimo kwenye wasifu, muulize habari zake.

Utumishi kwa jamii ndio unaopambwa kuliko yote. Kuwa mwanachama wa chama cha wakulima ni kulipa ada tu. Kuwa kwenye bodi ya shule, bodi ya kaunti au moja ya wilaya 23 za maliasili, zinazosimamia maji ya ardhini, ni kazi ya kuchaguliwa na inaacha maandishi. Omba mihtasari ya vikao vya miaka yake na uangalie mambo matatu: alihudhuria mara ngapi, alitoa hoja zipi, na alipigaje kura siku bodi ilipogawanyika. Kura za pamoja hazikuambii kitu. Siku ya kubana visima vya umwagiliaji au kufunga shule ndogo ndiyo inayomwonyesha mtu. Mihtasari ya kaunti huchapishwa pia kwenye gazeti la huko, na maktaba ya mji mara nyingi huwa na nakala za zamani.

Kwenye miswada, tenganisha aliyewasilisha na aliyeongeza sahihi tu. Kisha soma kura kwa makini. Mswada wa kawaida unahitaji kura 25 ili upite, kwa hiyo "yupo, hakupiga kura" ni sawa na kuupinga. Wengi huhesabu ndiyo na hapana peke yake, wakamkosa aliyejificha hapo katikati.

Mwisho, mwone uso kwa uso. Kikao huanza Januari na huchukua siku 90 za kukutana mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 60 mwaka unaogawanyika. Kila mswada husikilizwa hadharani, nawe unaruhusiwa kutoa maoni. Andaa maneno ya dakika 3. Ukishindwa kufika Lincoln, mji mkuu wa jimbo, msubiri kwenye maonyesho ya kaunti wakati wa kiangazi, ukiwa na namba ya mswada mkononi.