Hujawahi kuwekeza? Anza na hela kidogo na kalkuleta ya simu

Watu wengi wakisikia uwekezaji wanauliza ninunue hisa gani (yaani sehemu ya umiliki wa kampuni), ila kwa anayeanza swali la kwanza ni hii hela nitaihitaji lini. Hela ya kodi ya nyumba na ada ya shule ya Januari usiipeleke popote, iache benki, na kama una mikopo ya simu lipa kwanza, maana riba yake inakula kuliko faida yoyote utakayopata.

Kwa hapa Tanzania mi naona pa kujifunzia ni mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja, hasa ule wa Ukwasi, unaanza na 100,000 tu, baada ya hapo unaongeza hata 10,000, na ukitaka kutoa unatoa haina kufungwa miaka. Weka kidogo afu uwe unaangalia bei ya kipande (sehemu yako ndani ya mfuko) inavyosogea, unaandika kwenye daftari.

Sasa chukua kalkuleta. Tuseme milioni moja inakua 10% kwa mwaka, ukiwa unakula faida kila mwaka, baada ya miaka 10 umekula milioni moja na mtaji uko palepale, ila ukiiacha faida nayo izae unafika kama 2,590,000. Hapo toa mfumuko wa bei ujue umebaki na nini kweli. Afu piga hesabu hiyo hiyo kwa yule wa kwenye grupu anayekuahidi 30% kwa mwezi: milioni moja inakuwa zaidi ya milioni 23 ndani ya mwaka mmoja! Hakuna biashara halali inayokupa hivyo jamani, walioumia na DECI, ule upatu ulioanguka mwaka 2009, wapo mpaka leo. Anayekusanya hela za watu kuwekeza lazima awe na leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, hakikisha kwao wenyewe, usiridhike na cheti alichokutumia WhatsApp.

Ukishazoea nenda kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali hela nayo inakulipa riba. Unafungua akaunti ya CDS, inayotunza kumbukumbu za hatifungani na hisa zako, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kima cha chini ni milioni moja, riba inaingia kila miezi sita na kwa zile za muda mrefu haikatwi kodi. Watu wanaogopa ile ya miaka 25 wakidhani hela imefungwa kabisa, hapana, unaweza kuiuza DSE (soko la hisa la Dar es Salaam) kabla ya muda, ila kama riba za sokoni zimepanda yako itanunuliwa chini ya ulivyonunua, kwa hiyo usiweke hela ya dharura.

Hisa ziache mwisho. Hisa ya 1,000 ikitoa gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa) la 60 kwa mwaka, kodi ni 5% ya hilo gawio, unabaki na 57, yaani 5.7%, linganisha na mfuko wako kwanza. Na kabla ya kununua pakua ripoti za kampuni za miaka mitano, ziko bure kwenye tovuti zao, uone faida imekuwa ikipanda au gawio linatolewa huku faida inashuka.