Bajeti ya Wenzi Wanaohamia Jiji Ghali

Kabla ya kufunga mizigo, kaeni pamoja mwandike kipato cha kila mmoja baada ya makato, kisha mpige hesabu ya kodi ya nyumba kana kwamba ni mmoja wenu tu mwenye kazi, kwa kuwa wa pili anaweza kukaa miezi kadhaa akitafuta ajira. Gharama za mwanzo ndizo huwaelemea wengi: mwenye nyumba huweza kudai amana pamoja na kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na hapo bado hamjamlipa dalali wala gari la mizigo. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na kazini ipimwe pamoja na nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Samani zisubiri, akiba ya matumizi ya miezi 3 itangulie.